Upande wa Kushoto Unapungua

9 Februari

Mjomba, shikamoo.

Najua barua hii itakufikia dukani, na najua utaisoma ukiwa umevaa hedifoni za mtu mwingine shingoni. Huku tuko salama. Goti la Mama bado linamsumbua na bado halipumzishi. Juzi nilimkuta juu ya stuli anafuta vumbi juu ya kabati. Nikamwuliza nani kamruhusu kupanda huko. Akasema, "Nikikusubiri wewe, nitazeeka na vumbi langu." Anakusalimu. Anasema safari hii ukija uje na sabuni au sukari kama ndugu wengine, si zile pasi mbovu ulizomwachia sebuleni ukidai utazirudia.

Ningekupigia, lakini simu yako huishi kwenye droo. Na tumezoea hivi tangu niko bweni, sioni sababu ya kubadilisha.

Sasa la maana. Nimepata kazi, Mjomba. Ni kampuni ndogo inayotengeneza gemu za simu na kompyuta. Tuko watu saba kwenye chumba kimoja juu ya duka la magodoro. Kazi yangu ni sauti: nyayo, milango, mvua, upepo, na muziki wa nyuma. Kipindi cha majaribio ni miezi sita. Meneja, mama mmoja mkavu aliyenyoa upara, aliniambia siku ya kwanza: "Cheti chako nimekiona. Mimi nitakupima kwa masikio."

Kwa hiyo nahitaji hedifoni nzuri, za muziki na za gemu kwa pamoja. Niliingia duka moja, muuzaji akanitolea zenye taa za kijani na zambarau. "Dada, hizi zina besi, utaisikia mpaka kwenye meno." Nikamwambia meno yangu yana kazi nyingine. Akacheka, lakini nilipomwuliza kama nitajua nyayo zinatoka mbele au nyuma, akanionyesha nyingine zenye taa za buluu.

Nichagulie wewe.

Chiriku wako


20 Februari

Mpwa wangu Chiriku,

Marahaba. Nimesoma habari zako mara mbili, na mara ya pili nilimsomea fundi viatu wa mlango wa pili kwa sauti. Amesema kama kuna watu wanalipwa kutengeneza sauti za viatu, basi yeye ameishi maisha ya kudhulumiwa. Mimi mzima. Macho yanahitaji miwani mpya, mikono bado haitetemeki. Mwambie mama yako pasi zile si mbovu, zinasubiri vipuri.

Kuhusu hedifoni. Taa hazisikiki, ziondoe kwenye hesabu. Besi nyingi ni kama pilipili ya mpishi asiyejua kupika, inaficha alichoharibu. Kwa muziki unataka kusikia kila chombo mahali pake. Kwa gemu unataka kujua adui yuko wapi. Ukifikiria vizuri, hayo mawili ni jambo moja: pande mbili zilizo sawa kabisa. Zikitofautiana hata kidogo, kila kitu kitainama.

Usichukue zisizo na waya. Ni nzuri barabarani, lakini sauti inachelewa. Mlango umeshafungwa kwenye kioo ndipo masikio yako yanapata taarifa. Mchezaji wa kawaida anaweza kuvumilia. Wewe unayeutengeneza huo mlango huwezi.

Kuna zilizo wazi nyuma, zenye matundu, na kuna zilizofungwa. Zilizo wazi zina sauti pana, unajisikia uko uwanjani. Ila mnakaa saba chumba kimoja. Jirani atasikia nyayo zako na wewe utasikia uvivu wake. Chukua zilizofungwa. Halafu uzito. Hedifoni inayobana utaivua hata kama inaimba kama malaika. Ivae na miwani yako, ukae nayo asubuhi nzima. Ukisahau kama umeivaa, hiyo ndiyo.

Usinunue kitu. Nitakutafutia mwenyewe.

Mjomba wako


12 Machi

Chiriku,

Salamu kwako na kwa dada yangu. Kifurushi hiki nimekifunga kwa mikono yangu, kwa hiyo ukifungue taratibu. Ndani kuna hedifoni za waya, zilizofungwa nyuma, sponji mpya. Zilikuwa za studio iliyofunga milango, mwenyewe alikuwa anauza vitu vyake. Zimetumika kidogo. Usiniulize sana, zisikilize tu.

Mimi nimezisikiliza wiki nzima. Nilicheza na gemu moja ya kufukuzana kwenye maghala, kwa ajili ya utafiti, wala usicheke. Nilipigwa risasi mara nyingi, lakini kila mara nilijua imetoka wapi. Fundi viatu alizivaa akasema, "Hizi zinanisengenya, nasikia mpaka ninavyomeza mate."

Fanya kazi uthibitishwe. Hiyo ndiyo shukrani yangu.

Mjomba wako


27 Machi

Mjomba, shikamoo na asante.

Mama mzima, amekubali kukaa chini kwa siku moja nzima. Mimi niko kwenye furaha ambayo naona hata haya kuiandika. Nilifungua rekodi yangu ya zamani, ile ya kinanda niliyoifanya shuleni, nikasikia kiti changu kikilia nilipokuwa nabadilisha mkao. Nimeisikiliza rekodi ile miaka mingi na kile kiti sikuwahi kukisikia.

Ofisini wamenipa msitu. Gemu yenyewe ni ya mtu aliyepotea msituni usiku, haoni mbali, anategemea masikio. Mchoraji anachora miti, mimi naijaza. Nimeanza na mvua. Nimerekodi maji yakidondokea jani la mgomba, bati, ndoo, na koti la Meneja, ambalo aliniazima bila kuuliza la nini. Alipoisikia mvua yangu alivua hedifoni akaangalia dirishani kama nguo zake zimelowa. Halafu akasema, "Endelea," akaondoka. Mchoraji ananiambia neno hilo hulitoa kwa nadra.

Chiriku wako


17 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Habari za huku ni za kawaida. Mama amenigombeza, anasema siku hizi akiniita namwacha aite kama anauza samaki. Nimemwambia kichwa kimejaa kazi. Jumatatu nilipata kizunguzungu ofisini, nikashika meza, mchoraji akaniletea maji. Ni kukaa sana bila kula. Kimepita.

Hedifoni, Mjomba. Upande wa kushoto unapungua. Umeanza Jumatatu hiyo hiyo, ghafla, kama mtu ameweka godoro katikati. Haujafa, sauti inapita, lakini inapita ikiwa imechoka. Na kuna mlio mwembamba hausimami, kama friji ya jirani. Itakuwa ni nini? Waya? Nimejaribu kuuchezea pale unapoingia, hakuna mabadiliko.

Kwa sasa naongeza upande wa kushoto kwenye kompyuta mpaka zilingane, kazi isisimame. Meneja anataka msitu wote ukamilike kabla ya majaribio na wachezaji wa nje. Nisaidie haraka. Zimebaki nusu ya siku zangu za kupimwa, na wewe unajua wananipima kwa kitu gani.

Chiriku


26 Aprili

Chiriku,

Pole na kizunguzungu. Kula. Mtu haishi kwa mvua ya jani la mgomba. Mwambie mama yako akuwekee chakula kwenye kopo ubebe.

Ni waya. Sihitaji hata kuziona. Sauti inayopungua upande mmoja bila kufa ni waya uliokatika nyuzi za ndani, umebaki uzi mmoja au miwili. Nakutumia mpya ndani ya bahasha hii. Safisha na tundu lake kwa pamba na spiriti. Mlio unatoka kwenye umeme wa hilo jengo; hamisha kompyuta yako kwenye soketi nyingine mbali na friji au pangaboi.

Usiwe na wasiwasi. Hicho ni kitu cha kutengenezeka.

Mjomba wako


9 Mei

Mjomba, shikamoo.

Mama anakusalimu. Goti limepoa, amehamia kwenye bega.

Waya nimebadilisha. Tundu nimesafisha. Soketi nimehamia mpaka ya karibu na mlango, ambako kila anayepita ananigonga kiti. Hakuna kilichobadilika. Nimeazima hedifoni za mchoraji kwa siku kadhaa, nazo sikuzipenda.

Nakurudishia zako ndani ya kifurushi hiki. Zifungue, uangalie ndani. Najua utaona tatizo. Nakuomba ulione, Mjomba.

Chiriku


20 Juni

Mpwa wangu,

Sitaanza na salamu ndefu, utanisamehe, na dada yangu anisamehe.

Kifurushi chako kilinifikia katikati ya Mei. Leo Juni inakaribia kwisha. Wewe hukuniuliza kwa nini nimenyamaza, na hilo lenyewe limenisumbua kuliko kama ungeniuliza.

Nilifungua upande wa kushoto siku ile ile. Nilikwenda moja kwa moja mahali nilipojua pa kwenda, kwa sababu kuna jambo sikukuambia. Nilipozinunua, spika ya kushoto ilikuwa imekufa. Nilitoa nyingine kwenye hedifoni mbovu za aina hiyo hiyo, nikailehemu mwenyewe. Iliimba vizuri, nikaona hakuna haja ya kukusumbua na historia yake. Ukweli ni kwamba nilitaka uone mjomba wako amekuchagulia kitu kisicho na kasoro. Kwa hiyo uliponiandikia "kushoto", sikusoma neno lingine. Nilikuandikia kuwa ni waya, huku moyoni nikiogopa kuwa ni lehemu yangu.

Lehemu ni nzima. Nikaipima spika kwa mita, nzima. Nikaing'oa nikaweka nyingine, nikapima tena, zikatoka sawa kama zilivyokuwa sawa mwanzo. Nikampa fundi viatu bila kumwambia kitu. Akasema, "Zinalia sawa pande zote. Kama ulitaka zilie vibaya ungenipa nizikalie." Nikaziweka kwenye rafu. Kila asubuhi nilizichukua nikazisikiliza tena, nikitafuta kasoro, na kila asubuhi nilikosa. Nilikuwa natafuta kasoro kwa sababu nilishaanza kuelewa ningebaki na nini nikiikosa.

Sasa nisikilize. Mteja akiniletea hedifoni akasema upande mmoja umepungua, kabla sijashika bisibisi namwuliza swali moja: umezigeuza? Umeweka ya kushoto kwenye sikio la kulia? Udhaifu ukihama, tatizo ni hedifoni. Usipohama, tatizo si langu. Nawauliza wote, hata wazee, hata walevi. Wewe sikukuuliza.

Zigeuze leo. Zimo ndani ya kifurushi. Ikiwa udhaifu utabaki sikio lile lile, nenda kwa daktari wa masikio siku hiyo hiyo. Usiniandikie kwanza.

Mjomba wako


4 Julai

Mjomba, shikamoo.

Mama mzima. Nimemwambia jana. Hakulia, alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi, halafu akaja akakaa upande wangu wa kulia. Tangu jana anakaa hapo.

Nilizigeuza siku ya pili, Mjomba. Siku ya pili baada ya ile Jumatatu ya Aprili, kabla sijakuandikia chochote. Udhaifu haukuhama. Nilizigeuza tena baada ya chakula, na tena kabla ya kutoka kazini, na za mchoraji nazo nikazigeuza. Halafu nikakuandikia kuhusu hedifoni.

Najua inavyosikika. Nikikaa nikajiuliza, jibu ni hili tu. Ningeandika "sikio", lingekuwa sikio. Nilipoandika "hedifoni", wewe ungezitengeneza. Hujawahi kushindwa kitu nilichokuletea, tangu ule mdoli wa kuimba ulionitengenezea nikiwa mdogo. Ukanijibu kwa uhakika kwamba ni waya, nikakushukuru na nikakuamini, ingawa nilishajua. Na pale kazini nani angenithibitisha? Meneja alisema atanipima kwa masikio, na mimi nilikuwa na moja.

Barua yako ilinifikia Ijumaa. Sikuzigeuza tena, nilikwenda. Daktari ni kijana mpole, anazungumza akikutazama. Aliniweka kwenye kibanda, nikabonyeza kitufe kila niliposikia mlio. Upande wa kushoto nilikaa muda mrefu kidole kikiwa hewani. Alipotoka na karatasi yake aliniuliza, "Ilianza lini?"

Nikamwambia, "Aprili. Jumatatu."

"Ghafla?"

"Ghafla. Na kizunguzungu, na mlio."

Akaweka kalamu chini. "Ulimwona nani?"

"Mjomba wangu. Anatengeneza hedifoni."

Hakucheka, na mimi nilikuwa nimesema ili acheke. Akaniambia hali hii huja bila sababu ya kuonekana, haikuletwa na hedifoni wala kazi. Akaniambia kuna dawa, na kwamba dawa hiyo husaidia baadhi ya watu ikiwahi, katika wiki mbili za mwanzo hivi. Si wote, alirudia mara mbili kwamba si wote. Nikamwuliza mimi ningekuwa miongoni mwa waliosaidiwa? Akasema, "Hilo hatuwezi kulijua tena." Kilichobaki kushoto ni sauti nzito nzito na ule mlio. Sauti nyembamba hazimo.

Kazini yameisha. Majaribio ya wachezaji wa nje yalifanyika wiki iliyopita na gemu imewekwa mtandaoni kwa watu kuijaribu. Malalamiko yalikuja siku ile ile. Mmoja aliandika: "Mbona mvua inaninyeshea bega la kushoto tu?" Mwingine alisema msitu mzima umelala upande. Ni pale nilipokuwa naongeza, Mjomba. Kila wiki niliongeza kidogo ili nisikie sawa. Msitu wote, nyayo zote, hata upepo. Meneja aliniita, akaniwekea mvua akanitazama usoni. Nikaisikiliza. Kwangu ilikuwa imekaa sawasawa.

Nikamwambia ukweli wote. Akaniuliza kwa nini sikusema mapema, nikampa jibu ambalo mtu wa kazi asingelielewa. Alisema, "Ungeniambia Aprili ningekupeleka hospitali mwenyewe, kwa gari langu." Naona alimaanisha. Hakunithibitisha. Kuna mwingine anakuja Jumatano ijayo kuusawazisha msitu.

Umeandika kana kwamba kosa hili ni lako. Nusu yake ni yangu na sitakuachia uibebe. Hedifoni ni nzuri. Zimebaki nzuri mpaka leo.

Chiriku


13 Julai

Chiriku,

Salamu zako nimezipata, na za dada yangu. Nitakuja mwisho wa mwezi. Pasi nitazichukua.

Sina la kukuambia kuhusu dawa na wiki mbili. Nimezihesabu, na wewe umezihesabu. Barua yako ya Aprili ilikaa kwenye meza yangu siku kadhaa kabla sijaijibu, kwa sababu nilikuwa natafuta waya wa rangi inayofanana. Hilo nimeliandika ulijue. Kubishana nani abebe nusu ipi tutabishana nikija.

Jumanne, siku moja kabla ya yule mwingine kuja kuusawazisha msitu, nilifunga kazi za wateja nikaipakua gemu yenu kwenye kompyuta ya dukani. Nilitaka kuisikia kabla hawajairekebisha. Nilivaa hedifoni zangu bora, nikaingia msituni.

Wale wachezaji hawakusema uongo. Kushoto ni masika, kulia ni manyunyu. Lakini nilisikia jani la mgomba, na ndoo, na koti la Meneja wako. Ni mvua nzuri, mpwa wangu. Sijawahi kusikia mvua ya kutengenezwa iliyo nzuri hivyo.

Nikachukua pamba. Nikaziba sikio langu la kushoto kidogo, nikavaa tena. Bado ilikuwa imelala. Nikaongeza pamba. Nikaongeza mpaka ikawa inauma, na mwisho nikatia sponji kati ya sikio na spika, nikashikilia kwa kiganja. Ndipo ikakaa. Mvua ikanyesha pande zote, msitu ukasimama wima, nyayo zikapita nyuma yangu kutoka huku mpaka huku kama ulivyozipanga. Nikakaa ndani yake mpaka yule mtu wa kwenye gemu alipofika mtoni.

Nilipoinua macho, fundi viatu alikuwa amesimama mlangoni ananipungia mkono, ananionyesha pembeni yangu. Nikageuka. Kulikuwa na mteja, mama mmoja ameshika redio yake kifuani, amesimama hatua moja kutoka bega langu la kushoto. Alikuwa anazungumza na mimi muda wote huo.

Mjomba wako